Korido Niliyoibomoa

Makanyagio, Mpanda
Jumapili, jioni

Deusi mwanangu,

Mambo ya sabuni, chandarua na nani wa kumwamkia ukifika Tabora, mama yako amekwisha kukueleza tangu Ijumaa, na najua kesho stesheni atakueleza kwa mara ya mwisho, kisha kwa mara ya mwisho kabisa. Sitaki kumwingilia kazi yake. Mimi nimekaa chumbani kwenye ukingo wa kitanda, kipande cha ubao kiko magotini, naandika kwa penseli ya kazi kwa sababu kalamu umeshaifungia kwenye sanduku. Wewe umekwenda Misunkumilo kuwaaga wenzako, umesema utarudi kabla chakula hakijaiva. Mama yako ndiyo kwanza anachambua maharage, kwa hiyo nina muda.

Ningeweza kukueleza haya kwa mdomo. Nimejaribu mara nyingi, hata juzi tulipokuwa tunapigilia bawaba za sanduku nilianza, ukaniuliza, "Unasemaje, baba?" nikakuambia nipe ile misumari midogo. Unanijua. Kwenye mbao nina maneno mengi, kwa watu wangu nakuwa bubu. Hiyo si sifa, ingawa kuna wakati niliibeba kama sifa.

Jumanne iliyopita nilikuwa nje napiga randa mfuniko wa sanduku lako. Nikakusikia jikoni unamuuliza mama yako kama kule bwenini kila mtu ana kitanda chake au mtalala wawili wawili. Akasema hajui, labda wawili. Halafu ukasema, kwa sauti ya mtu asiyejali, kwamba huenda ni vizuri usubiri mwaka mwingine, unisaidie karakana, chuo hakikimbii. Mama yako akadhani unanihurumia na mgongo wangu huu. Usiku alinisifia moyo wako. Mimi nilijua ulikuwa unaogopa nini, Deusi, na nilijua nani alikutia hofu hiyo. Randa ilinisimama mkononi nikashindwa kuendelea, ndiyo maana mfuniko ule upande mmoja bado una mkwaruzo.

Kijana wa miaka kumi na minane, amefaulu, amepata nafasi ya chuo cha ujenzi, anataka kuiacha kwa sababu ya kitanda. Na hadi leo jua likizama hunywi maji. Mama yako anadhani ni tabia tu. Tangu ukiwa darasa la tatu naona kikombe chako kinabaki kimejaa mezani, nakiona kila siku, nami nasema usiku mwema.

Naomba nikusimulie nyumba hii. Unaishi ndani yake lakini huijui.

Ilikuwa kota kama kota nyingine zote za mstari huu. Sebule mbele, chumba kimoja cha kulala nyuma yake, na ubavuni mwa chumba palikuwa na korido nyembamba iliyotoka sebuleni hadi bafuni. Korido yenyewe ilikuwa hatua sita, upana wake mtu mnene angepita kiubavu. Mwisho wake kulikuwa na bafu, na kando ya bafu choo, vyote vidogo kiasi kwamba ukiinama kunawa miguu unagonga paji la uso ukutani. Mlango wa nyuma haukuwepo. Anayetaka kuoga alipita koridoni, awe mwenye nyumba, awe mgeni.

Mimi na mama yako tulilala chumbani. Wewe ulilala sebuleni nyuma ya pazia la maua, kitanda kimoja na bibi yako mzaa mama. Alikuja kutoka Litapunga kwa ajili ya kidonda cha mguu, maana katika hospitali ya hapa alikuwa anasafishwa na kufungwa kila siku. Alikuja kwa majuma mawili, akakaa zaidi ya mwaka. Sikuwahi kuona watu wawili wanaopatana kama wewe na yeye. Alikuita mume wangu, kama bibi wote, lakini yeye alifanya kazi ya kukuita hivyo. Ukichelewa kurudi shule alikaa mlangoni akiwalalamikia majirani kwamba kaolewa na mwanamume mtembezi. Ukimletea kijiti kimoja cha kuni alikipokea kwa mikono miwili akapiga magoti na mguu wake mbovu. Wewe ulikuwa unanuna, kisha unakwenda kuleta kingine.

Mama yako akawa na mimba ya Leka. Tukaanza kujiuliza mtoto atawekwa wapi, maana chumbani kulikuwa na kitanda, kabati moja na njia ya kuzunguka kitanda kama ya panya. Wakati huohuo nilikuwa nimetoka Sumbawanga. Nilikwenda kufunga makabati kwenye nyumba ya bwana mmoja mkubwa, na huko ndiko nilikoona kwa macho yangu chumba cha kulala chenye bafu lake humohumo. Ukitoka kitandani, hatua mbili uko majini. Wakaniambia hiyo ndiyo inaitwa selfu. Nilirudi Mpanda na homa ya selfu. Kila nikipita kwenye korido yetu niliiona kama shamba lililolala, hatua sita za bure, kazi yake ni kupitisha watu tu.

Nikachukua likizo ya majuma matatu. Ruhusa ya kubomoa nilipewa kwa mdomo na mkubwa wangu wa kazi, akacheka, akasema ukimaliza niite nione. Nikauangusha ukuta wa korido, sakafu yake yote ikaingia chumbani. Nikauangusha na ukuta kati ya bafu na choo, vikawa kitu kimoja, nikatengeneza chaga ya mninga ya kufunika tundu la choo ili mtu aoge akiwa amesimama juu yake. Kitanda nikakiinua, chini yake nikaweka droo nne ndefu za nguo. Juu ya mlango nikapiga rafu ya masanduku. Mlango wa bafu nikaona nikiuweka wa kufunguka utakula nafasi, basi nikauweka wa kusukuma, unatembea juu ya reli kwa magurudumu manne niliyoyatoa kwenye toroli bovu. Unaujua mlango huo. Ukiusukuma unanguruma hadi nyumba ya tatu.

Ilikuwa kazi nzuri, nisikufiche. Kesho kutwa utakaa darasani ufundishwe kutumia nafasi ndogo, na nakuambia hutaona watu wengi walioipata nafasi kama nilivyoipata mimi humu. Kitanda cha Leka kiliingia. Watu walikuja kuona, mpaka walimu. Wakaniita Mzee Selfu nikiwa na miaka thelathini na mitano, sina hata mvi. Nilikuwa nageuka nikiitwa, natabasamu. Siku hizi bado wananiita hivyo sokoni, nami bado nageuka, lakini wewe tazama uso wangu siku nyingine ukiwa nami.

Siku ya kwanza kabla sijaushika mtaimbo, mama yako alisimama koridoni, tumbo liko mbele, akaniuliza jambo moja.

"Mama atapita wapi?"

Nikamwambia atapita mlangoni kama watu wengine.

"Mlango gani, baba Deusi? Huo unaingia kitandani kwetu."

Nikasema hapa ni mjini. Nikasema bibi mwenyewe ameshakaa mjini mwaka mzima, atazoea, na asipozoea kuna choo cha nje cha mstari, watu wote wanakitumia. Mama yako akaniangalia, akaenda kukaa nje mpaka ukuta ulipoanguka.

Sasa hapa ndipo panaponichoma. Ningekuwa mtu wa mbali asiyejua mila, ningejitetea. Lakini mimi najua, tena tangu utotoni. Kwetu, na kwao mama yako ndiyo zaidi, mama mkwe haingii chumba anacholala mkwe wake. Hakioni kitanda chake, hapiti kando ya shuka alizolalia na binti yake. Ni heshima, na ukiivunja huna uso wa kukaa tena kwenye nyumba hiyo. Mwaka ule nilipooa, mama yangu mdogo alinieleza hayo yote kwa kirefu mpaka nikasinzia. Niliposema mbele ya mama yako kwamba hapa ni mjini, sikuwa nimesahau. Nilikuwa naipenda ile selfu.

Nilipomaliza nilimwamkia bibi yako kupitia pazia, kama kawaida yetu, kisha nikamwuliza kama ameuona ukarabati. Akasema, "Hongera, baba. Umefanya kazi." Nikafurahi. Nikamwambia mama yako, unaona, mzee mwenyewe kasifu. Miaka ilipita ndipo nikafikiri alikuwa anasifu nini. Hakuwa amekiona kitu hata kimoja, asingeweza kukiona, kilikuwa ndani ya chumba changu. Alinisifia kelele za nyundo alizozisikia majuma matatu.

Tangu siku hiyo bibi yako hakuoga tena katika nyumba hii. Alfajiri kabla hatujaamka alikwenda na ndoo yake hadi kwa mama Zaituni, nyumba ya mwisho ya mstari, na mguu ule. Mimi nilidhani wamekuwa marafiki, nikasema ni vizuri azungumze na wazee wenzake. Haja nyingine alikwenda choo cha nje, kile ambacho mvua ikinyesha njia yake inakuwa tope tupu. Jioni akaacha kunywa chai. Mama yako akimimina, anasema ameshiba. Akaacha maji pia. Nilimwona siku moja analamba midomo imekauka, kikombe kiko mbele yake, nikaona labda ni dawa za hospitali.

Sasa nifike kwako.

Wewe ulikuwa umeshaacha kukojoa kitandani zamani. Sivyo. Sote tulidhani umeacha. Ukweli ni kwamba kila usiku bibi yako alikuwa anakuamsha, anakushika mkono, mnapita koridoni hadi chooni ukiwa bado na usingizi, anakurudisha, anakufunika. Asubuhi wewe mwenyewe hukumbuki. Mimi na mama yako tulikuwa tunasikia miguu yenu upande wa pili wa ukuta, tunageuka, tunalala. Hatukuwahi kufikiri kwamba miguu ile ndiyo iliyokufanya uamke mkavu.

Korido ilipokwisha, asingeweza kukuleta tena. Ili ufike chooni ilibidi mtu apite miguuni mwa kitanda changu na kuusukuma ule mlango unaonguruma. Yeye hawezi kuingia. Kukutoa nje gizani kwenye tope, na mguu ule, alijaribu mara mbili, mara ya tatu akaanguka karibu na mfereji, ndipo kidonda kilipofunguka tena. Alituambia kajikwaa akienda kwa mama Zaituni. Basi alikuwa anakuamsha na kukutuma mwenyewe. Wewe ulikuja mara moja, unakumbuka? Mlango ukanguruma, Leka akaamka analia, nami nikakukaripia kwamba mwanamume wa darasa la tatu hajui kubana mkojo. Hukuja tena. Ukaanza kuloweka kitanda.

Kila asubuhi bibi alianika godoro nyuma ya nyumba kabla sijatoka, alifikiri sioni. Niliona. Nikakugombeza mbele ya watoto wa jirani. Siku moja nilikuambia ulibebe mwenyewe lile godoro hadi kwenye uzio wa barabarani, ili upate aibu uache. Ulilibeba kichwani hunitazami. Bibi yako akatoka na kanga yake akaitandaza juu ya godoro lote, akakaa kando yake kwenye jua mpaka likakauka, apitaye barabarani asijue ni nini kimeanikwa. Mimi nilichukua baiskeli nikaenda kazini nikiwa nimekasirika kana kwamba mmenikosea nyinyi wawili.

Mwezi mmoja baadaye gari la mahindi lilikuwa linarudi Litapunga, akaomba nafasi. Alimwambia mama yako shamba lake linaharibika. Ulikuwa shuleni. Mama yako alirudi kutoka kumsindikiza, akanikuta uani napanga mbao, akaniuliza kitu kimoja tu, "Umefurahi sasa?" akaingia ndani. Na wewe ukatokea hapohapo, begi begani, umeona pazia limefungwa pembeni na kitanda kitupu. Ukaniuliza bibi yuko wapi. Nilikuwa nimejaa hasira, nimeambiwa kweli na sina pa kuiweka. Nikaiweka kwako.

Nilisema, "Amechoka kulala kwenye mkojo wako."

Hayo ndiyo maneno yenyewe. Huenda unayakumbuka kuliko mimi. Hukulia. Ulikwenda ukalichukua godoro lako ukalitoa kitandani, na tangu siku hiyo ulilala chini kwenye mkeka karibu mwaka mzima, hata ulipokwisha kukauka kabisa. Mama yako hakusikia nilichosema, alikuwa ndani. Mimi sikumwambia. Alidhani unamlilia bibi yako kwa namna yako.

Ulikuwa uongo, Deusi. Nilijua ni uongo wakati unatoka mdomoni.

Likizo zikaja, mama yako akakuambia uende Litapunga, ukakataa. Ukasema una mtihani, una mpira, tumbo linauma. Bibi akatuma karanga, akatuma asali kwenye chupa, akatuma salamu kwa "mume wangu aliyenisusa". Karanga ulikula, salamu hukujibu. Na mimi nikawa nasema, mwacheni, watoto wa mjini hawapendi shamba.

Mwaka mmoja kabla hajafariki nilikwenda mwenyewe. Hii huijui. Nilimwambia mama yako nina kazi ya milango huko. Nilikuwa nimekwisha kukaa na jambo hili miaka mitatu, nikaona nitapasuka. Nilichukua vitenge viwili na jembe jipya, nikavipitisha kwa shangazi yake mama yako, kama inavyotakiwa mtu akimkosea mkwe. Hatuwezi kukaa tukatazamana, basi yeye alikaa ndani ya jiko, mimi nikakaa nje nimeegemea ukuta wa jiko hilohilo. Mguu ulikuwa umevimba, shangazi alikwisha kunieleza. Zahanati ilikuwa mbali naye kwa kutembea, alikuwa anajifunga majani.

Nilisema nimekuja kuomba radhi kwa ajili ya nyumba. Akasema vitenge amevipokea, na jembe amelipokea, na mambo ya nyumba yamekwisha. Nikaanza kuinuka.

Akasema, "Ngoja, baba. Mume wangu mbona haji?"

Nikakaa tena chini, nikamwambia kweli. Nikamwambia nilivyokutamkia siku ile uani. Nilisikia tu kuni zinalia jikoni. Nilidhani atanifukuza, na ningependa angenifukuza.

Akasema, "Mtoto hakuwa na kosa. Mimi nilikuwa namwamsha. Nilipoacha kumwamsha ndipo akakojoa. Nyie hamkujua. Nenda ukamwambie hivyo hivyo, na umwambie sikuchoka naye hata siku moja."

Nikasema nitamwambia. Akasema, "Leo, baba." Nikasema leo.

Nilifika hapa jioni, ukawa unafanya hesabu sebuleni. Ulikuwa na miaka kumi na miwili, unacheka na Leka kuhusu jambo fulani. Nikaona, mbona ameshasahau, nikimwambia nitamfukulia. Nikala, nikalala. Kesho yake nikasema Jumapili. Ukweli si kwamba nilikuhurumia wewe. Nisingeweza kukupa maneno ya bibi bila kukupa na yangu, na nilitaka uendelee kuniona kama baba aliyejenga selfu.

Mwaka uliofuata akafa. Sijui kama ni ule mguu, waliomwona mwisho walisema homa. Lakini najua mguu ulikuwa unapona hapa na haukupona kule. Siku ya kuzika ulisimama mbali, karibu na mihogo. Mjomba wako akakuita uje uweke udongo, maana wewe ndiye mume, watani wakaanza kukutania kwamba mjane haji. Ukatikisa kichwa. Watu wakasema kijana anaogopa kaburi. Nilikuwa nimesimama pale na koleo, nina dawa yako mdomoni, na watu waliponitazama nikasema ndiyo, anaogopa makaburi tangu utoto.

Hilo, kuliko ukuta na kuliko yale maneno ya uani, ndilo ninaloliona nikifumba macho. Maneno ya uani yalinitoka kwa hasira. Pale mihogoni sikuwa na hasira na mtu.

Unakwenda kujifunza ujenzi na nitafurahi ukinipita. Watakuonyesha kusoma ramani na kubana nafasi, mambo ambayo mimi nimeyapapasa tu. Sina la kuongeza hapo. Ninachokijua mimi ni kidogo na nimekipata vibaya. Nimejua kwamba mtu anaweza kukuambia hongera huku anatafuta pa kuogea. Nimejua kwamba aliyeuliza "atapita wapi" alikuwa fundi kuliko mimi siku ile. Na nimejua kwamba kosa ukilichelewesha halipungui, unazoea tu kulizunguka, kama nilivyozoea kuzunguka kitanda kabla sijabomoa. Ukifanya kosa, na utafanya, limalize siku hiyo hata kama sauti inatetemeka. Mimi nimekuwa na sauti inayotetemeka kwa miaka mingi bila kuitumia.

Baada ya kukusikia Jumanne nilinunua tofali. Mama yako alishangaa, akauliza za nini, nikamwambia nataka kuirudisha korido. Nilizipanga nyuma ya nyumba, nikachora mstari kwa chaki sakafuni, utauona bado upo. Kisha nikakaa nikautazama. Nani angepita humo? Ningejenga ili nikiamka nione nimefanya kitu. Nimempa mama Zaituni zile tofali, anataka kuziba banda la kuku.

Jana ndipo nikamwambia mama yako yote, pamoja na yale ya uani na ya Litapunga. Hajasema nami tangu jana. Ndiyo maana nyumba iko kimya hivi, usije ukadhani ni kwa ajili ya safari yako tu. Anayo haki. Alimpoteza mama yake nyumbani kwake mwenyewe, na mtoto wake akabebeshwa sababu.

Sikiliza, Deusi. Hukumfukuza bibi yako. Hukumchosha. Alikuwa anakuamsha kila usiku kwa sababu alikupenda, akaacha kwa sababu mimi nilimfungia njia, akaondoka kwa sababu mtu mzima hawezi kuishi bila pa kuoga. Alikufa anakuulizia. Huna ugonjwa wowote, hukuwahi kuwa nao, ulikuwa mtoto anayehitaji kuamshwa. Kama huko bwenini mtalala wawili, lala. Ukisikia kiu jioni, kunywa maji.

Sitaki uniambie yamekwisha. Nimeshaambiwa hivyo mara moja na mtu aliyekuwa na haki ya kukataa, nikaitumia ruhusa hiyo kukaa kimya miaka yote hii. Wewe kasirika kadiri yako. Ukitaka kushuka Tabora na usiniandikie mwaka mzima, nitamwuliza mama yako habari zako, kama atakuwa amenisemesha.

Nilipoanza kuandika nilipanga kuichomeka barua hii chini kabisa ya sanduku, chini ya blanketi, uikute ukiwa mbali na mimi niko hapa salama. Nimeiandika nusu nikiwa na nia hiyo. Nia hiyo nimeiacha. Nasikia sauti yako barabarani, unaagana na mtu. Ukiingia nitakupa mkononi, nitakaa kwenye kiti kile cha sebuleni mpaka umalize kuisoma, na ukitaka kuniuliza niliwezaje, niulize mbele ya mama yako.

Baba yako